Sisi Tunakaa kwa Familia

Jumamosi, 7 Julai 2018

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: hatuna nyumba.

Haya, nimeandika. Mkono haukukatika.

Leo nimegawa supu Newtown, chini ya daraja, pamoja na akina mama wa kanisa. Baridi kali. Mwanamke mmoja aliyejifunga blanketi la kijivu akapokea kikombe, akaniambia kwa Kiingereza niwahi kurudi nyumbani kabla jua halijazama. Nikamjibu ndiyo, asante.

Nyumbani! Nyumbani ni ateliye ya kushonea nguo ya Papa Théodore kule Rosettenville, Mama anakoshona. Tunalala chini ya meza ya kukatia vitambaa — Mama, mimi, na mdogo wangu Gradi. Asubuhi tunakunja godoro, tunalificha nyuma ya marobota ya kitenge, tunafagia. Mteja akiingia anakuta duka tu. Papa Théodore ametuonea huruma, lakini mwenye jengo hajui. Akijua, tutatoka sisi na Papa Théodore pia.

Ni tangu walipofunga jengo letu la Yeoville. Tulijaribu nyumba ya hifadhi. Wakasema Mama na mimi tuingie, ila Gradi ameshakuwa mkubwa, akalale na wanaume upande mwingine wa mji. Mama akachukua begi lake, tukatoka. Papa, baba yetu, yuko Cape Town anatafuta kazi. Simu yake siku nyingine inaita, siku nyingine haiiti.

Mtu akiuliza tunakaa wapi, jibu ni moja. Mama ametufundisha kama sala: "Sisi tunakaa kwa familia." Kwetu mwenye watu wake hakosi pa kulala. Ukisema huna pa kulala, umesema huna watu.

Mama Pascasie, Mrundi, kiongozi wetu wa supu, alikuwa anakoroga sufuria huku akiguna: "Yoo! Lakini hawa ndugu zao wako wapi?" Mama yangu akamwitikia: "Kweli, dada yangu." Akamwitikia! Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kisha Mama Pascasie akatangaza kwamba dada Mwanaharusi, yule mtu wa Tanga anayepigania sheria za makazi, anatafuta mtu wa kumtafsiria mswada wa sheria kutoka Kiingereza. Wote wakanigeukia. Bukavu nilisoma kwa Kifaransa, hapa nasoma kwa Kiingereza, basi mimi ndiye profesa wao. Nikakubali. Kukataa kunataka maneno mengi zaidi.

Jumanne, 10 Julai 2018

Kwa dada Mwanaharusi, mtaa wa Observatory. Chai ya tangawizi na hita miguuni. Nilitamani mswada usiishe.

Ni sheria ya mkoa, bado haijapitishwa. Mambo mawili yamenirukia machoni. Kwanza: wakati wa baridi asiondolewe mtu bila kuonyeshwa pa kwenda. Pili: nyumba za hifadhi zisimtenganishe mama na watoto wake, wawe mabinti, wawe wavulana. Gradi! Ni kama mtu alikuwa amesimama nyuma yetu siku ile mlangoni.

Halafu nikafika mahali wanapoeleza asiye na makazi ni nani. Ni mtu anayelala mahali pa wazi. Basi. Kalamu ikasimama.

— Na anayelala dukani? Au kanisani?

Dada Mwanaharusi akavua miwani. Akasema hapo ndipo wanapogombana na kamati. Kamati inasema watu wa namna hiyo ni hadithi za mashirika, maana hajawahi kusimama hata mmoja. "Hawasimami, mdogo wangu. Wana haya. Wewe unamjua mtu?"

Nikasema ni rafiki yangu wa shule.

Akanitazama. Akanimiminia chai. "Basi kamwambie rafiki yako, tarehe ishirini na moja kamati inasikiliza watu. Akisimama mmoja tu, hawawezi tena kusema hayupo."

Jumapili, 15 Julai 2018

Nimemwambia Mama kuhusu tarehe ishirini na moja. Nilingoja cherehani ingurume ili nisisikie sauti yangu mwenyewe.

Hakusimamisha mguu. "Ile maneno haitoke humu ndani, Carmel. Unataka kutuvua nguo mbele ya watu? Batu batasema nini? Na Théodore?"

Nikasema hatutataja ateliye. Nikasema kuhusu Gradi, kwamba sheria hii ingekuwapo, hifadhi isingemtenga nasi.

Cherehani ikakimbia hadi mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Viongozi wenyewe watakuwapo?"

Ndiyo, Mama.

"Basi tutaenda. Lakini siendi mbele ya serikali kama mtu asiye na watu wake."

Akavuta vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye oda ya harusi. Akaanza kutupima.

Jumatano, 18 Julai 2018

Siku ya Mandela. Shuleni kila mtu apeleke blanketi kwa ajili ya wasio na makazi. Eish. Nilipeleka la Gradi. Mwalimu akanipiga picha nikilikabidhi, akiniambia nicheke, nicheke kidogo.

Gradi anauliza blanketi liko wapi. Nimesema limefuliwa.

Jumamosi, 21 Julai 2018

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka tumependeza kupita kiasi. Mama gauni la mikono ya puto na kilemba. Mimi sketi yenye marinda, kila rinda limepigwa pasi. Gradi suti! Kwenye roboti, zile taa za barabarani, madereva wa teksi walimpigia honi: "Sharp, bwana harusi!"

Mlangoni pa ukumbi kijana mmoja akatuinamia, akatupeleka safu ya mbele kabisa, ya wageni wa heshima. Maji ya chupa. Mama akakaa kama malkia. Watu wa Newtown waliketi nyuma na blanketi zao. Nikamwona yule wa kijivu. Mama Pascasie naye alikuwapo, kando ya dirisha.

Mwenyekiti alipofika kwenye kile kifungu akasema tena: kamati haijakutana na watu kama hao. Dada Mwanaharusi, ambaye nadhani alishaelewa siku ile ya chai, akamwangalia Mama. Mama akasimama.

Wakalimani walikuwa wa Kizulu na Kisotho. Wa Kiswahili hakuna. Nikasimama pia.

Mama akashukuru serikali. Akaishukuru tena. Kisha likatoka lile lile, kama sala:

"Sisi tunakaa kwa familia."

Na akaketi.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikatafsiri. Kiingereza safi: Mama anasema tunakaa kwa familia. Mwenyekiti akaitikia, akainamia karatasi zake. Ilikuwa imekwisha — ningeweza kukaa.

Nikasema: "Hayo ni ya Mama. Mimi ninalala chini ya meza ya kukatia nguo. Mama yangu pia. Mdogo wangu pia. Hifadhi ilitaka kututenga naye, tukakataa."

Mwenyekiti akatutazama toka kilemba hadi viatu. Kwa upole kabisa akasema, samahani, binti, lakini hamfanani na watu wa namna hiyo.

Gradi ndiye aliyeruka juu, kwa Kizulu: Mama ndiye amezishona nguo hizi! Juu ya meza hiyo hiyo!

Watu wa nyuma wakacheka. Kisha hawakucheka. Yule mwanamke wa blanketi la kijivu akaanza kupiga makofi, peke yake, polepole.

Mwenyekiti akaandika kitu. Akauliza meza hiyo iko wapi. Nikasema hilo siwezi kusema. Akasema kifungu kitarudishwa kwa kamati. Hakusema kitabadilishwa. Kitarudishwa tu.

Lakini wa kanisani wote wanajua Mama anashona wapi. Nilipogeuka dirishani, Mama Pascasie alikuwa ameshatoka.

Njia nzima Mama alitembea mbele yangu. Alimshika Gradi mkono.

Jumapili, 22 Julai 2018

Mama hakwenda misa. Haijawahi kutokea.

Papa Théodore alipiga simu mapema: atapita baada ya ibada, tuzungumze. Sauti haikuwa ya hasira wala ya furaha. Alisema hatakuja peke yake. Hakusema na nani. Mwenye jengo? Mama Pascasie?

Mama bado hajanisemesha. Nimemwambia ukweli kuhusu blanketi, nikaona afadhali yote yaishe siku moja. Akanitazama sana. Akaenda akachukua kilemba cha jana, akamfunika nacho Gradi mabegani.

Misa imekwisha sasa. Gradi ameinama kukunja godoro, kama kila siku. Mama amesema:

"Acha."

— Mama, wanakuja! nimemwambia.

"Nimesema acha. Lilale hapo."

Limelala katikati ya sakafu, na mto wangu juu yake. Mama amejifunga kanga tu, ameketi kwenye kiti cha cherehani, uso mlangoni. Kitabu hiki huwa nakizika kwenye gunia la vipande. Gunia liko hapa, mguuni.

Hatua uani. Si za mtu mmoja. Leo sikiziki tena—

Mama ananiambia niwasogezee viti.