Zambarau Mahali pa Nyeusi

Mbwajumali, 4 Februari 2024

Mwanangu Sundus,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila goti tu. Wewe hujambo? Unakula, au huko Mombasa ni rangi na chai?

Ukili wako wa mkeka ndio huu, pima sita. Barua nimeikunja katikati yake kama kawaida yetu, maana siku hizi kioo cha simu chaniwasha macho. Nimesuka mtindo ule ule unaouchora: nyeusi tatu, nyekundu mbili, zambarau moja. Jirani yangu Nadra ashikilia kwamba kuna mahali nimekosea. Muulize yeye amesuka mikeka mingapi! Lakini kama kweli nimekosea, urudishe niufumue.

Mamako,
Mwanamkisi

Mombasa, 19 Februari 2024

Mama yangu,

Wa alaykum salaam, nakubusu mkono. Mimi mzima, na ninakula. Goti lisugue mafuta ya karafuu.

Usifumue hata kidogo! Miaka kumi nachora miraba na pembetatu kutokana na mikeka yako, na picha zangu zinakwenda sawasawa mpaka zinachosha. Safari hii jicho linakwenda nyeusi, nyeusi, halafu zambarau inaingia pasipo pake na moyo unaruka. Nimeanza turubai kubwa kama mlango wa msikiti. Bi Keziah, mwenye ukumbi wa maonyesho, aliitazama akasema, "Aliyebuni hili ni fundi." Nikamwambia ni mama yangu.

Suka hivyo hivyo, Mama, tena uzidishe.

Mwanao,
Sundus

Mbwajumali, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepoa. Barua yako nilimpa Nadra anisomee mara mbili, ili anyamaze na makosa yake. Fundi, mimi! Nilicheka peke yangu jikoni.

Madaktari wa macho walikuja Faza siku tatu. Nilikuwa nimetia nia ya kwenda, kisha nikasema ya nini, mkono wangu bado watakiwa. Nimekaa kusuka. Huu hapa, nimezidisha kama ulivyotaka.

Mamako

Mombasa, 20 Juni 2024

Mama,

Assalaam alaykum. Hujambo kweli? Nijibu kweli.

Siku ya tatu leo naukunjua ukili huu na kuukunja. Rangi hazina mpango wowote. Na barua yako, Mama, mistari imepandana. Nimempigia Nadra. Kwanza alikufichia siri, kisha akalia. Kasema alikukuta na ndoo, unatafuta kisima, nawe umeelekea majini. Akakwambia, "Ndia ni hini, Bi Mwanamkisi. Huko ni pwani."

Nadra alisema umekosea, nami nikakwambia umebuni. Kama si mimi ungekwenda Faza. Naogopa, Mama. Nakuja Jumamosi, twende Lamu kwa daktari.

Mwanao,
Sundus

Mombasa, 28 Julai 2024

Mama yangu,

Nakubusu mkono, ingawa ulikataa kunipa tulipoagana.

Najua umekasirika. Lakini ulimsikia daktari wa Lamu kama nilivyomsikia mimi: ni presha ya macho, la kushoto limekwisha, la kulia likipasuliwa mapema huenda kilichobaki kikabaki. Hospitali ya hapa imetupa tarehe 16 Agosti. Kila nikikutajia unanitajia dadako, Khalati Barka, alivyopofuka. Khalati alichelewa miaka, Mama. Wewe bado unaona.

Picha imetundikwa ukumbini na watu wanaisifu, nami siwezi kuitazama. Nimemwomba Bi Keziah aishushe, nizipake nyeusi zile zambarau zote, nirudishe mtindo wako ulivyokuwa.

Nijibu hata neno moja.

Mwanao

Mbwajumali, 11 Agosti 2024

Mwanangu Sundus,

Wa alaykum salaam. Aandika Nadra, nasema mimi, na ataipiga picha akutumie kwa simu yake ikuwahi.

Sikukasirika. Niliogopa, nikaona haya kuogopa mbele yako. Ndugu yangu Barka aliingia hospitali akiona mwanga wa mlango, akatoka ameshikwa mkono, haoni hata huo mwanga. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Juzi nilichukua miyaa ya ukindu mitupu isiyotiwa rangi, nikasuka nyeupe peke yake nisikosee. Vidole vilikwenda vyenyewe. Nilipomaliza nilimuuliza Nadra kama ni mzuri, akasema ni mzuri, nami sikujua kama nimwamini.

Nitakuja. Nadra atanifikisha Lamu, nami nitapanda basi la Jumatano. Uje mapema kituoni, usiniache nimesimama na watu nisiowajua.

Lakini kabla hawajaligusa jicho langu, nipeleke kwanza kwa Bi Keziah, unisimamishe karibu kabisa na hiyo picha. Likija kuzimika, liwe limeliona kosa langu lilivyo kubwa.

Na zile zambarau usizipake nyeusi, mwanangu. Nyeusi ninayo ya kutosha.

Mamako