Anayegeuka Nyuma

Salma mjukuu wangu,

Hapa mtaani kwetu Malaz hatujambo, na mama yako mdogo kajifungua salama. Umeniuliza: katika bahari yenu ya baridi, mkishavaa nguo nyeusi za kuzamia mpaka kichwani, utamjuaje mwenzio?

Mwaka ule wanawake wa huku tuliporuhusiwa kuendesha gari, nilizamia baharini Jeddah na babu yako. Chini ya maji sote weusi, nyuso zimezibwa, nikampoteza. Nikababaika. Mara nikaona mmoja anageuka nyuma kila saa, anatafuta. Nikamwendea huyo.

Tulipotoka nikamuuliza, miaka yote sokoni, kwenye mabuibui chungu nzima, alikuwa akinijuaje mimi?

Akacheka. "Si wewe uliyekuwa ukigeuka kunitafuta?"

Nyanya yako,
Zuwena