Valvu Zilizooshwa Beseni Moja

Bwana Mshauri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu, nina jambo ambalo siwezi kumuuliza mtu wa hapa Matondoni kwa kuwa wote wanatujua. Ndugu yangu Barka, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashini ya mashua ya Bwana Abdulkadir inayochukua abiria baina ya Amu na Mtangawanda, na wiki yake ya mwisho alifungua kifuniko cha silinda akazisaga valvu zote nne, kila moja katika tundu lake, nakumbuka akizungusha kijiti baina ya viganja kama anayepekecha moto, akisikiliza mpaka sauti ya kusaga ibadilike, kisha akazileta nyumbani juu ya kitambaa kwa mpango walioujua yeye na mkewe Batuli tu, aliyemwona akizipanga, na homa ikamchukua kabla hajazirudisha. Baada ya mazishi vitu vya marehemu vikaoshwa, ndiyo desturi yetu, na shemeji Batuli kwa heshima akaziosha valvu pamoja na sahani yake na wembe wake, beseni moja, kwa jivu na mchanga mpaka zikang'aa, zikachanganyika, nami niliyeshika kazi yake nikazirudisha kwa kukisia, na sasa mashini haina nguvu. Juzi abiria mmoja aliniuliza, "Bwana Shekhan, mashini hii kibogoyo? Inameza mafuta, haitafuni," watu wakacheka, naye Bwana Abdulkadir akasema, "Ikinilaza ndiani tena, katikati ya bahari, namleta fundi wa Mombasa," na kazi hiyo ndiyo inayomlisha Batuli na wanawe. Yeye hajui alilofanya. Yuko edani, naweza kumtuma mama amuulize mpango ule, lakini atajua kwamba ameharibu kazi ya mwisho ya mumewe, na nikisaga upya nitaifuta kazi hiyo kwa mikono yangu mwenyewe. Nifanye lipi?

Shekhan, Matondoni

Shekhan, pole kwa msiba. Barka alikuwa fundi, hilo nimeliona katika maneno yako machache. Wewe, niwie radhi, bado.

Hata Batuli akiukumbuka mpango, hautakufaa. Valvu iliyosuguliwa kwa mchanga imechubuka pale inapokaa, na moto hupita penye mchubuko mwembamba kuliko unywele. Kazi unayotaka kuihifadhi haipo tena. Kilichopo ni mashua itakayokwama na watu ndani, na mtu anayeogopa kijiti.

Usimtume mama kwa mjane. Fungua kifuniko. Ipe kila valvu tundu lake na uigongee alama, zisichanganyike tena. Paka unga wa msasa na mafuta, saga, inua, geuza, saga, mpaka uone duara la kijivu lisilokatika. Futa unga wote. Ukibaki utakula silinda. Mimina mafuta ya taa juu ya kila valvu, usubiri. Yakivuja, rudia, usijidanganye. Kati ya valvu na fimbo inayoisukuma acha nafasi ya kupita karatasi nyembamba. Nati za kifuniko zikaze kidogo kidogo, kuanzia katikati.

Bwana Abdulkadir mwambie valvu zilitaka kusagwa. Ni kweli, na inamtosha. Batuli akitoka edani akakuuliza, mwambie yote bila kupunguza. Atalia kidogo, na mashua itakuwa inakwenda. Lakini akitoka akakuta kazi ya mumewe imeshikwa na mgeni na wanawe wanalishwa na jirani, hutakuwa na la kumwambia. Anza leo.