Meno ya Baba Yaliyoingia Pangoni

Jumatatu, 17 Novemba 2025

Oli, mtaani kwangu mjini. Simu ya Dada Zuhurah alfajiri, mimi niko kwenye cherehani, pini mbili mdomoni. Nikadhani mtu amefariki. Hapana. Meno ya Baba yamekwenda na maji!

Nikamwambia arudie polepole. Karudia. Jana jioni Baba alishuka kijitoni nyuma ya shamba kutia udhu. Akavua meno yake ya bandia, yale ya juu, asukutue vizuri, akayaweka juu ya jiwe. Chura akaruka. Baba akashtuka, kiwiko kikagonga — chubwi! Maji yakayabeba mpaka pale kijito kinapoingia chini ya mwamba. Ndani ya pango. Yalikwenda yakicheka, anasema Zuhurah. Yeye hata hakuwepo.

Tangu hapo Baba hafungui mdomo. Anaandika kwenye karatasi. Karatasi ya kwanza, herufi kubwa: HAPANA HARUSI.

Harusi yangu! Jumapili HII. Baba ndiye walii wangu, ndiye wa kuniozesha kwa kinywa chake mbele ya watu mia mbili. Mzee Kamisi huyu, dalali wa ng'ombe mnadani Koboko miaka thelathini, sauti yake ilikuwa inafika kabla ya ng'ombe. Ati aonekane na ufizi! Anaona bora nizeeke nyumbani.

Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la mteja.

Jumanne, 18 Novemba

Daktari wa meno hapa mjini anasema meno mapya ni wiki tatu. Nikamwuliza kama hana yaliyokwisha tumika. Akanitazama vibaya.

Jioni Asuman kapita. Mchumba wangu. Fundi wa pikipiki pale Onduparaka, na kila Jumamosi ni refa wa mechi za vijana — filimbi haimtoki shingoni hata akija kunisalimia. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, akawa na uso kama bundi.

"Sasa, si tuingie tu tutafute?"

Wapi?

"Pangoni. Pango ni nini? Ni nyumba ya maji."

Sijui. Mtu huyu kila kitu kwake ni chepesi. Yule mume wa kwanza pia alikuwa hivyo. Alikwenda Juba kutafuta kazi, akasema narudi kesho kutwa. Miaka sita. Talaka ilikuja kwa meseji, na aliandika "taraka". Tangu hapo nikiona mwanamume anatabasamu, naangalia viatu vyake, kama viko tayari kwa safari.

Asuman nilimkubali mwezi wa nane. Nilikubali kwa sababu watu walichoka kuniuliza. Hilo naliandika hapa tu, kwenye daftari la vipimo, katikati ya kiuno cha Bi Night na mabega ya mwalimu wa kwaya.

Jumatano, 19 Novemba

Koboko, nyumbani kwa Baba. Tumefika saa tano, mimi na Asuman. Baba amekaa chini ya kibaraza, leso mdomoni kama jambazi wa benki. Kanisalimia kwa karatasi: KARIBU MWANANGU. Ya pili, kwa Asuman: WEWE PIA.

Kikao. Baba mdogo Wahabu anataka kuzungumza badala ya Baba. Baba kaandika HAPANA, akapiga mstari chini yake mara tatu, kalamu ikatoboa karatasi. Hawa wawili hawajakubaliana kitu tangu nizaliwe.

Akaitwa Mama Rosina, jirani, muuza samaki wakavu. Alitoka Sudani Kusini zamani, sasa ni mtu wa hapa kutushinda sisi. Yeye ndiye anayelijua pango — huwa anachukua udongo wa vyungu ndani. Kasema kijito kinaingia huku, kinatoka upande wa pili wa kilima, kwenye bustani ya mzee Loro.

"Maji iko ya goti. Pahali moja iko nyembamba, mutu napita kwa ubavu. Mbele iko kama chumba, na mchanga. Kitu yote maji nabeba, naacha pale." Akanyanyua kidole. "Lakini popo iko mingi. Hapana piga kelele! Na muingie asubuhi. Mvua ikianguka juu ya kilima, mutakunywa maji bila kuwa na kiu."

Asuman: nitaingia mimi. Mimi: nami naingia, yeye anajua meno ya Baba? Mama akaruka. Mchumba na mchumba wawili gizani, siku nne kabla ya ndoa! Watu watasema nini? Nikamwambia, Mama, kuna popo mia tano. Mama: popo si mashahidi.

Basi Zuhurah anaingia nasi, kulinda heshima. Amekasirika. Ameazima gambuti.

Alhamisi, 20 Novemba

Lazima niandike yote.

Saa nne kamili tuko mlangoni mwa pango. Mbingu safi. Mama Rosina amekwenda upande wa pili na kikapu chake cha kuvulia, akae palepale maji yanapotoka, meno yakipita ayadake. Mimi nimebeba chekeche la Mama la unga (hajui!). Tochi mbili: moja Asuman, moja Zuhurah. Asuman katangulia, kisha mimi, kisha heshima.

Ndani ni baridi ya ajabu. Dari ya chini, tunatembea tumeinama kama tunaokota njugu. Maji yanasukuma magoti kwa nyuma, kwa upole, kama mtu anayekuharakisha kwenye foleni. Harufu — kinyesi cha popo. Pua inawaka. Juu wananing'inia, weusi, wamejifunika vizuri kushinda mashehe.

Tukafika pale pembamba. Asuman kapita. Mimi nimepita, kifungo kimoja kimebaki mwambani. Zuhurah... Dada yangu Mungu alimpa nyonga kwa ukarimu. Aliingia nusu. Nusu ikakataa.

"Vuta pumzi," nikamnong'oneza.

"Pumzi iko juu, mimi nimekwama chini!"

Ikabidi tumwache hapo na tochi yake, tukasogea hatua ishirini. Kila baada ya dakika anauliza kwa mnong'ono mkali: "Munafanya nini?" Tunatafuta meno, Dada. "Mbona mumenyamaza?" Tunatafuta meno!

Tukafika kwenye chumba chenyewe. Kikubwa kama duka. Mchanga pembeni. Asuman akafurahi. Na Asuman akifurahi, mkono unakwenda shingoni. Akasema tumjulishe Mama Rosina kwamba tuko salama. Nikasema Asu—

PRIIIIII!

Sijui niandikeje. Dari ilianguka kisha ikaruka. Mabawa usoni, masikioni, kwenye ushungi wangu. Nilijifunika kwa chekeche. Zuhurah alipiga yowe ambalo nadhani lilifika Kongo. Nikaona mwanga wa tochi unayumba, unarudi tulikotoka, mbio, chubwi chubwi chubwi — ukapotea.

Asuman amekimbia. Na tochi.

Giza la pangoni si giza la nyumbani. Unafungua macho, unafumba, ni sawa. Nilisimama. Kitu kilitembea juu ya mguu wangu, nadhani kaa, sikumwuliza. Maji yanasukuma. Popo wakatulia mmoja mmoja. Nikasema moyoni: basi. Ni yuleyule. Viatu vingine tu. Wala sikulia. Nilihesabu wageni wa kupigiwa simu kwamba harusi hakuna. Nilifika wa arobaini na moja.

Kisha nikasikia sauti. Ya mtu anayelia na kutembea kwa pamoja.

"Hawah! Mimi iko na woga! Usisogee! Mimi iko na woga sana, lakini niko nakuja!"

Alilisema hilo njia nzima. Mimi iko na woga. Mimi iko na woga. Kama wengine wanavyohesabu hatua. Mwanga ukatokea, mdogo, nyuma yake Asuman na kiatu kimoja, kinyesi cha popo mpaka ndevuni. Filimbi hana. Akasimama mbele yangu.

Nikamwambia mulika hapa.

Tukachekecha mchanga. Vifuniko vya soda. Kijiko. Mkono wa mwanasesere. Sandali nne, zote za kushoto. Halafu chekeche likalia ka! — meno. Meno ya juu, mazima!

Kurudi na popo wale? Hapana. Tukaenda mbele na maji. Mwisho wa pango pana utelezi. Asuman akateleza, akatoka nje kwa makalio moja kwa moja ndani ya kikapu. Leo Mama Rosina amevua kambare wawili na refa mmoja.

Ijumaa, 21 Novemba

Jana nililala nikiandika. Niendelee.

Tulipofika nyumbani Zuhurah alikuwa amekwisha fika, ametokea mlango uleule tulioingilia, amekaa kwenye beseni la maji ya moto. Katangaza kwamba mambo ya pango hatayazungumza mpaka siku ya kufa.

Chakula cha mchana. Watu wote pale. Baba mdogo Wahabu akamsifu Asuman: huyu ndiyo mwanamume, simba! Asuman akaweka kijiko chini.

"Hapana, mzee. Nilipuliza filimbi, popo walitoka, mimi nilikimbia. Nilimwacha Hawah kwenye giza. Yeye hakukimbia."

Kuku akasikika anakanyaga jani. Katika ukoo huu wapo wanaume waliokimbia vita, madeni na wake, lakini sijapata kusikia mmoja akisema "nilikimbia". Mama alimwongezea nyama. Sijui kwa nini.

Mimi nilijiuliza jambo moja tu, na bado najiuliza. Zuhurah alikuwa amekwama pale pembamba, sivyo? Njia ilikuwa imezibwa. Je, Asuman alirudi kwangu kwa sababu yangu, au kwa sababu ya nyonga za Dada?

Nimemwuliza Zuhurah. Karusha sabuni.

Meno: SI YA BABA. Mama aliyaosha, Baba akayapokea kwa mikono miwili, akayageuza. Upande wa kushoto yana jino la dhahabu! Ya Baba hayana. Akaandika: HII NI YA MTU MWINGINE. Mama akayachemsha hata hivyo, maji mawili, kama mhogo mchungu. Baba akaomba kioo. Akatazama sana. Akaandika: LAKINI.

Lakini tu. Hakumalizia.

Jumamosi, 22 Novemba

Hina. Wageni. Hakuna nafasi hata ya kukohoa.

Baba amejificha nyuma ya ghala anafanya mazoezi. Meno ya mtu yule ni makubwa kidogo, yanagonga: ka, ka. Kuku wote wamehamia kwa Mama Rosina.

Imamu wa mtaa kaulizwa kama inafaa kuvaa meno ya mtu asiyejulikana. Kasema jambo hili hakulisoma. Msikitini limetangazwa tangazo: aliyepoteza meno afike kwa mzee Kamisi. Mpaka sasa hajafika mtu. Nani atakuja kusema?

Asuman hanitazami. Amepeleka maji, amefunga turubai, amepanga viti. Hajatabasamu tangu juzi, na mimi — mimi! — nimeona inanichoma.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika nikiwa nimevaa. Ushungi, pete, kila kitu. Chumbani kwa Mama, pazia limefungwa. Naandika ili nisicheke. Haisaidii.

Asubuhi Zuhurah ananifunga ushungi, nikamwambia Dada, leo unaniambia, la sivyo sitoki. Alikwama au hakukwama? Akavuta pini mdomoni.

"Nilikwama, ndiyo. Alikuja kama ng'ombe, akanisukuma kwa kichwa, tukatoka wote wawili. Mpaka nje. Mpaka kwenye jua."

Mpaka nje?

"Alikaa kwenye jiwe, anatetemeka, anatapika. Mimi nikamwambia kaa, nitaita wanaume. Akasema hapana. Akasimama. Aligusa mwamba hivi, akarudi nyuma. Akaugusa tena. Akaingia. Mimi nilifumba macho, sikutaka kuona."

Nikamwuliza mbona hakusema hayo siku ile, mbele ya watu? Alisema tu alikimbia!

"Mwulize mwenyewe. Simama wima, ushungi unapinda."

Sikumwuliza. Hakuna kumwona mpaka baada ya ndoa. Nimekaa kitandani nikiwa na jiwe kifuani na jiwe lenyewe ni jepesi, sijui nilielezeje.

Kisha wakaja mlangoni, Baba mdogo Wahabu na shehe, kuniuliza. Mwari akinyamaza inatosha, wanahesabu amekubali. Mimi si mwari. Nimewahi kuolewa. Lazima niseme kwa sauti, wasikie.

"Hawah binti Kamisi, umekubali kuolewa na Asuman?"

Na palepale, nje, Baba akashika kipaza sauti kuwatuliza wageni. Sauti ileile ya mnadani. Siku saba sijaisikia!

"Wageni wathalaam — ka! — kaeni — ka! — thi muda mrefu —"

Nami nikaanza. Kwanza mabega. Kisha tumbo. Nimeuma ushungi. Mama anaomba dua, Zuhurah amegeukia ukutani, mgongo wake unaruka.

"Hawah? Umekubali?" Mara ya pili.

Nilifungua mdomo. Kikatoka kwikwi.

Nje ya pazia wananong'ona. Shehe anauliza, analia au anacheka? Baba mdogo anasema wanawake ndivyo walivyo. Sasa nasikia sauti ya Asuman, kumbe amewafuata, amesimama palepale karibu na dirisha, hatakiwi kuwa pale.

"Mpeni nafasi. Mimi iko nangoja."

Sauti inatetemeka. Anadhani nakataa! Mungu wangu, anadhani nakataa, na hajaondoka dirishani.

"Thubira, wageni — ka! —"

Zuhurah ananipa maji. Nimemeza. Yametokea puani. Baba mdogo anabisha mara ya tatu, kwa ngumi sasa, anaita jina langu na la baba yangu na la babu yangu. Ngoja, ngoja, kalamu chini, nafungua mdomo niseme ndi