Kimo cha Mafuriko cha Makwale

Mhandisi,

Sikuandikii "mpendwa". Miaka mitatu nilikuita Mhandisi kwa sababu hukutaka kuitwa kingine. Hata siku mama yangu alipokukaribisha wali kwetu Ipinda akakuita baba, ulimsahihisha kijiko kikiwa mdomoni. Basi hata sasa, ukiwa kaburini kwenu Singida, utabaki Mhandisi. Watu wanasema marehemu hasemwi. Mimi sikusemi, nakuandikia, na kama utaudhika ujue tumeudhika wawili.

Leo ni Jumatano. Mtihani wa leseni unaanza Jumatatu kule Mbeya. Siku ya kwanza ni karatasi mbili. Siku ya pili unakaa mbele ya wahandisi watatu, kitabu chako cha mafunzo, chenye kila kazi uliyofanya na sahihi ya msimamizi, kiko mezani mwao, wanakifungua popote wanapotaka na kukuuliza. Nikifaulu nitakuwa mhandisi mtaalamu, mwenye mhuri wake. Nikianguka, ofisi imeshanieleza kwa upole wote kwamba mkataba wangu unaishia Desemba. Bosi mpya ni mtu wa tabasamu. Wewe ungenieleza kwa kufoka na ningeelewa haraka zaidi.

Chumba changu hapa Kyela mjini kimejaa karatasi zako. Fomula za mtiririko wa maji nimezibandika ukutani, za zege nimezibana kwenye chandarua kwa pini. Tuna kundi la WhatsApp la watahiniwa, asubuhi tunatumiana maswali ya zamani na jioni zaburi. Hamisi, yule wa Kasumulu, hutuma majibu yake kwa kujiamini kuliko wote na hukosea kuliko wote. Jumapili nilirudia mtiririko, Jumatatu nikaanza mikataba. Mambo yalikuwa yanaenda. Halafu sikuweza kuendelea, na sababu ni wewe.

Jumamosi mkeo alikuja kufungasha vitu vilivyobaki kwenye nyumba ya ofisi. Akaniita. Kitabu changu, kile nilichokukabidhi mwezi wa nne ukisaini, ukakaa nacho mpaka umauti ukakukuta, alikikuta kwenye droo yako. Alikuwa amekifunga kwa kitenge. Akasema, "Alisisitiza hiki Tusajigwe apewe mkononi." Nikapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, nikalia. Ndiyo, nililia, usijivune. Nililia mpaka mkeo akaanza kunibembeleza, yeye mfiwa.

Sikukifungua mpaka jana asubuhi, nilipofika kwenye zamu ya kurudia mradi wa Makwale. Huo ndio nitakaoueleza mbele ya jopo, na ni wewe uliyeuchagua. Nikakuta mwandiko wako wa wino mwekundu: "Kimo cha mafuriko kilithibitishwa kwa wenyeji na mhandisi mhitimu."

Mhandisi mhitimu ni mimi. Sikuthibitisha chochote.

Acha nikukumbushe, maana inaelekea ulisahau. Ilikuwa Oktoba, jua kali, kile kijito kimekauka hata kuku wanavuka bila kulowa miguu. Tulikwenda kupima mahali pa kuweka kalavati, mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Mama Atu, mwenye shamba la mpunga kando ya kijito, alikuwa anaanika kakao kwenye mkeka kando ya barabara. Ulishuka kwenye gari na kofia yako, ukasimamisha fimbo ya kupimia, ukaonyesha kwa kidole mstari wa nyasi kavu ukingoni, na badala ya kuuliza tu ukauliza na kujibu: "Mama, maji ya masika hufika hapa, siyo?" Mama Atu akajifuta mikono, akatabasamu. "Ee baba, ni hapo hapo." Ukaandika. Imeisha. Miaka yote ya masika ya Makwale ukaimaliza kwa sentensi moja ukiwa umesimama.

Sisi huku mgeni akishasema jambo hatumkatalii mbele ya watu. Unamkubalia, unamwacha na heshima yake, halafu kama unamtakia mema unamfuata pembeni umweleze. Kwenu Singida sijui mnafanyaje, mafuriko yenu ni vumbi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Wewe ulikuja na mwenyeji akafurikiwa.

Kwa kimo kile yakatosha mabomba mawili. Aprili mwaka huu mvua iliposhuka, mabomba mawili yakashindwa, tuta la barabara likazuia maji yote upande wa juu, na mpunga uliokuwa unatoa maua ukakaa chini ya maji siku nne. Barabara nayo ikakatika. Ulikuja ukasimama na mwavuli ukatazama. Ukasema, "Mvua ya mwaka huu si ya kawaida." Kila mhandisi ana mvua yake isiyo ya kawaida, Mhandisi. Mpunga wa Mama Atu ulikuwa wa kwanza kuoza.

Halafu ukaandika kwamba ni mimi niliyethibitisha.

Jana asubuhi hiyohiyo nilimpigia Hamisi nikamsomea. Unajua alisema nini? "Liache, dada. Jopo linapenda kusikia wenyeji walishirikishwa. Hayo ni maksi." Na ni kweli. Jopo la Mbeya halijui kama Makwale kulifurika. Hiyo sentensi yako ya uongo ndiyo inayoweza kunipa leseni. Nikabaki nimeshika simu nikikutukana kwa Kinyakyusa, lugha uliyokataa kujifunza hata salamu. Ulitaka kunisaidia? Ulijikinga? Ulitaka jina langu lisimame pale siku wakaguzi wakija? Ungekuwa hai ningeingia ofisini kwako bila kubisha hodi nikakuuliza. Sasa nimuulize nani? Hicho ndicho kinachonikera kuliko uongo wenyewe, kwamba uliondoka na jibu.

Kwa hiyo badala ya kukaa na karatasi, nilipanda bodaboda mpaka Makwale.

Nilipiga magoti nikamsalimu Mama Atu, ugonile, nikaulizwa mama hajambo, mpunga wa Ipinda ukoje, msiba wa Mhandisi tumeupokeaje. Nikageuza kakao pamoja naye mkeka mzima. Akaleta ndizi na maharage, tukala. Baada ya hapo ndipo nikauliza, "Mama, maji yalifika wapi?" nikafunga mdomo. Hukuwahi kunifundisha kufunga mdomo, kwa sababu wewe mwenyewe hukuweza. Mama Atu akanyanyuka. Akaupita ule mstari wako wa nyasi bila kuutazama, akapita shamba, akapita mgomba, akafika jikoni kwake na kuweka kiganja ukutani, usawa wa nyonga. "Hapa ni mwaka huu." Kisha akakipandisha mpaka kifuani. "Na hapa ni mwaka niliojifungua Atu." Nikapima kwa utepe. Hakuna mabomba mawili duniani ya kupitisha maji yale. Pale palihitaji daraja dogo.

Nikiwa naandika akasema, kama mtu anayetaja habari ya sokoni, "Mwenzako wa kofia naye alikuja. Mwezi wa tano."

Mwezi wa tano ulikuwa huwezi kupanda ngazi za ofisi kwa ugonjwa. Anasema dereva alikushika mkono ukashuka, ukavua kofia, ukaketi chini kwenye mkeka katikati ya kakao, na suruali yako ile iliyonyooshwa kwa pasi. Anasema ulimwambia, "Mama, nilikuuliza vibaya. Nisamehe." Anasema alikupa maji ukanywa.

Ulimwomba msamaha yeye. Mimi je? Meza yangu ilikuwa mlango wa pili kutoka kwako! Nilikuletea uji hospitali ya wilaya siku kumi mfululizo, ukalalamika sukari. Ulikuwa na kitabu changu kwenye droo, kalamu nyekundu unayo, mkono bado unaandika. Kukata sentensi moja ingekuchukua muda gani? Ulinizuia nisiende kwenye mtihani huu mara mbili, miaka miwili, kwa sababu hesabu zangu za zege zilikosa tarakimu moja baada ya nukta. Ukaandika "Bado" kubwa ukurasa mzima. Kosa langu la tarakimu lilistahili ukurasa, na kosa lako la kijiji kizima ukalimaliza kwa siri kwenye mkeka wa watu. Nimekuchukia jana, Mhandisi. Nasema wazi. Nimekuchukia nikiwa nimekaa palepale ulipokaa.

Nikawa nataka kumwambia Mama Atu yote hayo. Akanitangulia. Alisema kwa upole, bila kuacha kuchambua kakao, "Na wewe mwanangu, wewe ni wa hapa. Siku ile nilikutazama. Ukaangalia chini."

Nikaangalia chini tena.

Kwa hiyo na hili lipokee, ingawa hulistahili. Nilijua. Nilipomwona anatabasamu nilijua anakustahi tu. Mimi ni wa Ipinda, nimekua na maji ya masika mlangoni, ningekosaje kujua? Mbele yake sikuweza kukupinga, wewe ni mkubwa wangu. Nilipanga nikuambie kwenye gari. Lakini kwenye gari ulikuwa na furaha, ulifungua dirisha, ukasema kakao inanukia vizuri, kisha ukasema, "Leo binti umefanya kazi." Miaka mitatu, na hiyo ndiyo mara moja tu uliyonisifu. Nikaogopa kuiharibu. Nikanyamaza mpaka Kyela mjini, nikanyamaza kesho yake, na baada ya wiki likawa jambo la aibu kulisema. Mpunga wa watu ulioza kwa sababu wewe hukujua kuuliza na mimi nilipenda kusifiwa.

Nilimwomba Mama Atu msamaha pale pale, na magoti yangu mawili chini. Alinipa mkono wa kuniinua, akanifungia kakao kidogo nimpelekee mama. Hakusema amenisamehe. Alisema tu nirudi na daraja.

Leo asubuhi nimekifungua kitabu. Sijafuta sentensi yako, wala sijachana ukurasa. Chini yake nimeandika kwa wino wa bluu: kimo hiki hakikuthibitishwa na mtu yeyote, msimamizi aliuliza kwa namna ya kujipa jibu, mimi nilijua na sikusema, vipimo sahihi hivi hapa, mpunga ulioharibika ni wa hawa. Nimesaini. Pale pa sahihi ya msimamizi nimepaacha wazi. Hamisi akiisoma atasema nimejiua mwenyewe. Inawezekana. Jopo linaweza kunifukuza kabla sijafika kwenye hesabu, na Desemba ikanikuta kwa mama nikipepeta mpunga. Naogopa, Mhandisi. Na mtu ambaye ningemwambia ni wewe, ambaye ungeniambia niache upuuzi nirudie sura ya mikataba.

Nakukosa. Limeshatoka, basi. Nakukosa na nimekasirika, na havijakubaliana bado humu ndani.

Kesho narudia mikataba, kesho kutwa zege, Jumamosi napanda gari la Mbeya. Wakiniuliza nani alinifundisha, nitataja jina lako lote, na wakiniuliza kuhusu Makwale nitataja makosa yako yote na langu. Sitakusafisha na sitakupaka matope.

Kwaheri, Mhandisi. Lala huko kwenu kwenye ardhi kavu. Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya kwamba kesho nitakuwa nimekusamehe. Ila nakuahidi hili: siku nitakapopewa mtu wa kumfundisha, na nikakosea, kama nitakavyokosea tu, nitamwambia yeye kwanza, nikiwa hai.

Tusajigwe