Sehemu ya Mwisho ya Bibi Kobe

Mtwara,
Jumatatu jioni

Kwako dada yangu Doris,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekupa nafasi tangu mvua zikatike huko Same. Shemeji naye naamini yuko vizuri na ameacha kubishana na daktari wake. Sisi huku tupo. Irene ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Tangawizi uliyotuma ilifika salama. Nyingine tunakunywa, nyingine nimewagawia majirani, maana walikuja kunusa wenyewe.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati simu ipo. Sababu ni hiyo flashi niliyoibandika kwa selotepu ndani ya bahasha. Usiichomeke popote kabla hujamaliza kusoma.

Unaikumbuka katuni ya Bibo na Korosho. Ulipokuja msibani watoto walikuwa wakiiangalia uani, ukaniambia niizime, nikakuomba uiache. Aliichora kijana mmoja wa hapa mjini, Kelvin, kwenye chumba alichopanga Chikongola juu ya duka la vitambaa, na walimu wa shule aliyofundisha Happiness wakatoa sauti. Bibo na Korosho ni ndugu wawili wanaolelewa na bibi yao, Bibi Kobe, na Bibi Kobe alikuwa ni yeye Happiness, marehemu mke wangu. Alifanyia mazoezi ndani ya kabati la nguo, mlango umefungwa, kwa sababu Kelvin alimwambia nguo zinameza mwangwi. Nilikuwa nikirudi kutoka bandarini nakuta kikongwe anagomba kabatini na Irene amekaa sakafuni anamjibu.

Televisheni ya hapa mjini ilionyesha sehemu zote isipokuwa ya mwisho. Katika ile inayotangulia, Bibi Kobe anaumwa, anajikunja ndani ya gamba lake, wajukuu wanamgongea, basi. Inaishia hapo. Tangu tumzike mama yake, Irene alikuwa akiniuliza kila jioni kama Bibi Kobe alipona. Nikamwahidi kwamba nitaitafuta hiyo ya mwisho. Nilidhani ni kazi ya siku moja.

Nilianza kwa Kelvin. Hakunitazama usoni. Alisema ile imefungiwa, na yeye hana tena mafaili yake. Nikamuuliza kosa lake nini. Akasema ni mambo ya msiba, watu wanatania kaburini, watoto wadogo, unajua tena. Mimi sikujua tena, lakini nilimshukuru nikaondoka.

Nikaenda ofisi moja ya serikali, jina lake sitaji, wasije wakasema nawasengenya. Mama mmoja mstaarabu alinisikiliza mpaka mwisho, akapekua, akasema hawana kumbukumbu ya kufungia katuni yoyote. Nikamwomba anihakikishie. Akasema ili wahakikishe kama waliifungia au hawakuifungia, itabidi kwanza niwaletee yenyewe waiangalie. Nikamweleza kwamba ndiyo hiyo ninayoitafuta. Akasema ananielewa kabisa, nikiipata nipite. Dada, nilisimama nje ya mlango ule na kofia mkononi, sijui nicheke au nirudi ndani nigombe.

Nikamwendea Mwalimu Mikaeli, yule mtani wetu Mchaga aliyefundisha darasa moja na Happiness. Katika katuni yeye ni Ngedere. Nilimkuta anasahihisha madaftari. Hakuacha hata kalamu. "Nyie Wapare," akaniambia, "mtu mmeshamzika, bado mnamdai sauti." Akaniuliza kama nimekwisha fungua kesi, maana anatujua, kuku mmoja akipotea tunauza ng'ombe ili tumfikishe jirani mahakamani. Zamani ningemjibu kwamba Mchaga haaminiki kuwa amekufa mpaka uangushe sarafu karibu na sikio lake. Happiness angemjibu hivyo, tena angeongeza. Mimi sikuwa na nguvu za utani. Nilimuaga kwa heshima na nikakasirika njia nzima.

Aliyenipa moyo, kumbe alinipa hasara, ni Qasim, anayeuza simu na kuwawekea watu filamu. Aliniambia kitu kilichofungiwa mjini kitafutwe mpakani. Akanielekeza kwa mtu wake pale Kilambo anayeitwa Mohamedi, anayeuza flashi kwa wanaovuka Ruvuma. Nikapanda bodaboda mpaka Kilambo, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Mohamedi aliapa kwa mama yake kwamba ni yenyewe. Kuipima hapo haikuwezekana, kompyuta yake haikuwa na chaji.

Tulipoifungua nyumbani ilikuwa harusi ya watu wa Palma, ng'ambo ya mto. Irene aliiangalia yote, mpaka keki. Alisema bibi harusi ni mzuri lakini Bibi Kobe hayumo.

Nikampigia Mohamedi. Hakuona haya hata kidogo. Alisema alikosea kuchukua, yenyewe hasa iko kwa binamu yake upande wa Msumbiji, nivuke tu nitaonyeshwa nyumba. Nami, dada, nikaomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu angeniambia iko Maputo ningeuliza basi linaondoka saa ngapi.

Habari hizo zilimfikia Mikaeli kanisani. Jumamosi mchana akaja nyumbani. Alikataa kiti, akaniita Petro. Tangu nimfahamu hajawahi kuniita jina langu, kwake mimi ni Mpare tu, na nilipolisikia nikajua kuna jambo. Akaweka flashi juu ya meza.

"Usivuke mto, Petro," akasema. "Aliyeifungia ni mkeo."

Akanieleza taratibu. Walikuwa wamekwisha rekodi ndipo Happiness akapewa majibu yake ya hospitali, yale aliyokaa nayo peke yake kwa muda kabla ya kutuambia. Siku iliyofuata alikwenda kwa Kelvin akamwomba sehemu ile isitoke. Katika hiyo sehemu, Bibi Kobe anakutwa hatikisiki, wajukuu wanalia, wanamzika. Ngedere ni mtani wake, kwa hiyo anakuja msibani kama watani wanavyokuja. Anakaa juu ya kaburi, anamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo, mboga yake haikuwahi kuiva, na hata kufa amechelewa. Anamsema mpaka udongo unatikisika, Bibi Kobe anatoa kichwa na kumrudishia matusi yote, kisha anacheka. Alikuwa amelala tu.

Happiness aliwaambia hivi: "Irene akiiona hii, nikifa atakwenda kukaa makaburini anisubiri."

Kelvin hakunidanganya. Alisema imefungiwa, mimi ndiye niliyeiongezea serikali. Nakala moja Happiness alimwachia Mikaeli, amtunzie Irene mpaka awe mtu mzima. Hakuniachia mimi wala wewe. Alisema ndugu wataitoa mapema kwa huruma. Mambo ya msiba ambayo ndugu hawayawezi ni ya mtani.

Tena Mikaeli alikuwa ametuambia. Utakumbuka pale kaburini Mikaeli alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba sauti ya Mpare huyu ameishika yeye na haitoki bila yeye kulipwa jogoo. Wewe ulicheka hadi ukamshika mtu bega, na mimi nikatazama pembeni kwa hasira. Nilimuuliza kwa nini nilipomfuata hakuyarudia kwa maneno ya kawaida. Akasema mtani akishasema kitu kaburini amekisema. Wenye msiba wakikichukulia mzaha, hiyo si kazi yake tena. Hata hivyo hakuweza kuniacha nivuke mto kwa ajili ya kitu kilichokuwa kabatini kwake.

Irene nilimweleza jioni ileile, kwamba imepatikana, na kwamba mama yake ndiye aliyesema aione akiwa mkubwa. "Kumbe serikali ni mama," akasema. Akaniuliza mkubwa ni darasa la ngapi, nikamwambia limepita la saba. Akakubali vizuri kuliko nilivyotegemea. Tangu hapo hajauliza tena.

Ningeweza kuishia hapo, dada, lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Jana, Irene akiwa shule ya Jumapili, niliiangalia. Kile kicheko cha mwisho si cha kikongwe. Pale alijisahau, akacheka kicheko chake mwenyewe, kile cha kuvuta pumzi kwanza. Nilizima. Nikachukua jembe dogo nikaenda makaburini, nikijiambia nakwenda kung'oa majani.

Majani yalikuwa machache. Nilipomaliza nikakaa chini, nikaanza kumtania. Mimi, mume wake, ambaye si mtani wake. Nilimwambia chai yake ilikuwa maji ya moto tu. Nilimwambia aliimba kwaya kwa kufungua mdomo bila kutoa sauti, na kwamba kanga ya harusi ya binamu yake alisema imepotea kumbe aliikata akashona mapazia ya jikoni. Kila nilipomaliza neno niliutazama udongo. Mama mmoja aliyekuja kufagia kaburi la jirani alinisalimu, akaniuliza namsubiri nani. Nikamjibu namsubiri mke wangu. Akaniambia pole baba, akaendelea kufagia.

Niliposhtuka jua lilikuwa limekwisha pinda. Irene nilimkuta kwenye ngazi za kanisa na mwalimu wake, wenzake wote wamekwisha chukuliwa. Hakulia. Alisema alidhani na mimi nimeumwa.

Happiness alimwogopea mtoto. Hakujua kwamba wa kumwogopea ni mimi.

Kwa hiyo naituma kwako, maana kwa Mikaeli ni karibu mno, ningeifuata. Iweke kwenye sanduku la mama, chini kabisa, na watoto wasijue. Mikaeli ameridhia, ila anasema jogoo wake sasa anamdai kwako, na asiwe jogoo wa Kipare, anayewika kwa kipimo. Irene akishakuwa mwanamke mzima umpe, umwambie ni ya mama yake. Nami siku nikikupigia simu kuiomba, hata nikilia, niambie imefungiwa.

Msalimie sana shemeji na watoto, na mama mchungaji pia. Irene anakuamkia shikamoo, na amenisisitiza niandike kwamba jino la tatu linatikisika. Tuombee.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Petro