Msumeno Unaomba Msamaha

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaja jioni na daftari. Mdogo wake mke wangu huyu. Tangu msumeno wa umeme wa karakana umkate vidole viwili, mwaka jana, anajifunza kuandika kwa kushoto. Herufi zinayumba kama walevi. Sasa kajiunga na darasa la ushairi maktaba. Anataka atamke, mimi niandike. Wamepewa kazi ya tashihisi. Nikauliza hiyo ni dawa ya nini. Kacheka sana. Akasema ni kukipa kitu kisicho na roho mambo ya mtu, kiseme, kione haya, kinune.
Kachagua msumeno. Eti mimi naujua kuliko yeyote, nimwambie ungesema nini.
Nikajifanya nina kikohozi.
Basi niandike hapa, maana hapasomwi na mtu. Kinga ya ule msumeno, kile kifuniko cha meno yake, niliifunga juu kwa waya, mimi, asubuhi ile. Ilikuwa inatuchelewesha, na oda ya madawati imetubana. Wenzetu walikuwa chai. Shemeji alipokatwa na kuzimia, nikaifungua ishuke kabla sijaita msaada. Kabla! Yeye hakumbuki kitu, anaanzia hospitali.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimesikiliza watu kazini. Gundi imegoma. Randa inaringa. Msumeno wenyewe tunauita Mama Mkwe, kwa kelele zake. (Shemeji zamani alikuwa ananiambia niangalie mdomo, mama mkwe wangu ndiye mama yake.) Kumbe tashihisi tunaifanya toka asubuhi! Sasa darasa la nini?
Na ile ripoti yangu. Msimamizi ni mimi, niliandika: "Msumeno ulimrukia." Mwenye karakana akasema msumeno haumrukii mtu makini, akamfukuza shemeji kazi. Ile ilikuwa tashihisi au uongo? Sielewi. Nimemuuliza fundi wa vanishi, kasema nipunguze kunusa kopo lake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemsindikiza maktaba. Mwalimu ni mama mfupi, sauti nzito. Nikanyoosha mkono kama mtoto: nikisema breki zimekataa, nimetunga shairi? Akasema hapana, hayo ni mazoea, hakuna anayeiona tena hiyo breki ikikataa. Kwenye shairi uulize kitu kinaogopa nini, kinampenda nani.
Nikauliza tena, na kitu kikisema uongo?
Akasema kitu hakina uongo, baba, labda aliyekiandikia.
Watu wakacheka. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Shemeji akanipiga bega, akawaambia huyu ndiye mwandishi wangu.

Jumapili, 9 Machi
Katamka, nimeandika. Beti mbili, bado wa mwisho. Msumeno unalia. Unasema haukujua ule ni mkono, ulidhani ni mbao laini. Mwishoni unamwambia, nisamehe, ndugu yangu. Kwa mwandiko wangu!
Nikamwambia chuma hakiombi msamaha, watamcheka.
Akasema: "Shemeji, lazima kuwe na wa kuniomba. Nimechoka kujilaumu peke yangu."
Mke wangu alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akaondoka nalo.
Sijui kama anajua. Sijui chochote siku hizi.

Jumanne, 11 Machi
Kesho analisoma shairi mbele ya darasa. Ubeti wa mwisho hauna kitu, kaniachia mimi. Msumeno ueleze kwa nini. Akaenda uani kumtundikia dada yake kamba ya nguo.
Nikaandika: Nilikuwa na njaa. Nikafuta. Nikaandika: Bwana wangu alinivua kinga. Nikafuta hiyo pia — bado nautuma msumeno unisemee!
Nikaandika bila msumeno. Kinga niliifunga juu mimi. Nikaifungua wewe ukiwa chini. Ripoti niliandika mimi. Haina vina, mizani sijahesabu.
Amerudi, amechukua daftari lake. Amekaa hapa mbele yangu, anasoma kuanzia mwanzo, midomo inacheza. Naandika ili nisimtazame. Amecheka kwenye ubeti wa kwanza. Wa pili ametikisa kichwa, kama aliyeridhika. Amefunua ukurasa.
Mke wangu anaita, chakula kinapoa.
"Ngoja kidogo, dada," anamjibu. "Nimebakiza ubeti mmoja."